Ganzi au nusukaputi? Mgonjwa wa kope aelezwe mapema

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kuwa Burundi imetokomeza trakoma, yaani vikope, kama tatizo la afya ya jamii. Kwa majirani zake safari bado haijaisha. Turkana na Narok nchini Kenya, Longido na Ngorongoro nchini Tanzania, Karamoja nchini Uganda na Kapoeta nchini Sudan Kusini, wapo watu wazima, wengi wao akina mama, wanaong'oa kope kwa kibanio ili wapate nafuu ya siku chache.

Vikope huanza utotoni. Maambukizi yakijirudia kwa miaka mingi, kope hupata makovu upande wa ndani, hujikunja, na nywele zake husugua kioo cha jicho kila mgonjwa anapopepesa. Kioo hicho kikishapata kovu na kuwa cheupe, kurekebisha kope hakurudishi uoni uliopotea. Anayesubiri mwaka mwingine anaweza kuwa amesubiri upofu.

Hata hivyo, wapo wanaopangiwa upasuaji na hawatokei. Sababu ni nyingi: mifugo, umbali, kukosa wa kuwasindikiza. Lakini hofu ya kisu ina nafasi yake. Mtu akisikia kwamba atakatwa kope akiwa macho, huuliza kwa nini asilazwe usingizi kabisa kama wanavyofanyiwa wagonjwa wa tumbo. Ni swali la haki, na linastahili jibu kabla ya siku ya upasuaji.

Jibu lenyewe ni rahisi kueleweka. Kwa ganzi, jicho hutiwa matone, kisha kope huchomwa sindano. Sindano hiyo inauma na kuwasha kwa muda mfupi, na anayemwambia mgonjwa kwamba hatasikia kitu anamdanganya. Baada ya hapo atahisi kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu ya kukatwa. Akisikia maumivu, aseme, aongezewe dawa. Kazi ikiisha anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na bandeji huondolewa kesho yake.

Nusukaputi ina mahitaji mengine. Mgonjwa lazima akae bila kula kwa saa kadhaa, awepo mtaalamu wa usingizi, hewa ya oksijeni, mashine za kufuatilia moyo na pumzi, na mahali pa kumwangalia hadi azinduke. Kwa mzee mwenye maradhi ya moyo au mapafu, hatari ni kubwa kuliko ya sindano ya kope. Wataalamu wa usingizi na ganzi ni wachache katika nchi zote za ukanda huu, na wengi wako mijini. Upasuaji wa vikope ungewategemea wao, mama wa Kapoeta asingeufikia. Ganzi ndiyo iliyowezesha wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kuufanya hata kwenye zahanati.

Hiyo haina maana kwamba nusukaputi haina mahali pake. Mtoto mdogo, mtu asiyeweza kutulia, au anayehitaji marekebisho makubwa ya kope apewe rufaa ya hospitali. Aliyewahi kudhurika na dawa za ganzi, mwenye shinikizo la damu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulizwe mapema na apimwe. Kwa wengine walio wengi, ganzi inatosha.

Tatizo ni kwamba mfumo wa kuhesabu hauwabani wakubwa. Kigezo cha WHO kinataka wenye kope zilizogeuka wasiojulikana na mfumo wa afya wawe chini ya asilimia 0.2 ya watu wenye miaka 15 na zaidi. Aliyepewa nafasi ya upasuaji akakataa huhesabiwa kuwa anajulikana. Nchi inaweza kupata cheti huku aliyekataa kwa hofu akiendelea kupofuka.

Kwa hiyo wizara za afya zisitosheke na kuandika "amekataa" kwenye daftari. Kabla ya kambi ya upasuaji, mhudumu anayejua lugha ya mgonjwa, iwe Kimaasai, Kiturkana au Kikaramojong, afike bomani na kueleza hatua kwa hatua. Afuatane na mama aliyekwisha kufanyiwa. Huyo ataaminiwa kuliko bango. Aliyekataa atembelewe tena. Na kwa kuwa wafugaji huvuka mipaka kufuata malisho, wilaya zinazopakana zipeane ratiba na orodha, ili aliyekosa Narok apokelewe Ngorongoro.

Mgonjwa akishaelewa, uamuzi ni wake. Lakini asipofuke kwa kuogopa jambo ambalo hakuna aliyekaa naye akamweleza.