Mama Akirudi Kwao, Binti Akabaki

Tukisikia habari za kuishi ugenini wengi wetu huwaza Ulaya na Marekani. Sisi wa Mpanda hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa jirani ipo Katumba, iliyofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na baadaye ikafuata Mishamo. Walifyeka pori, wakalima. Tumezaa nao katika wodi moja, tumeuziana maharage, tumeoleana.

Kuanzia mwaka 2007 waliulizwa: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania? Wengi walichagua kubaki, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia, ingawa vyeti walivingoja hadi 2014. Wengine zaidi ya 50,000 walirudi. Ukisoma hesabu hiyo gazetini unaona mambo yamekwisha vizuri. Lakini mstari ule ulipita katikati ya nyumba.

Bibi aliyekimbia na mtoto mgongoni alitaka kuzikwa kwao. Binti yake, mzaliwa wa Katumba, ameolewa hapa na Burundi hajawahi kuiona hata siku moja. Kwa mama, ugenini ni Katumba. Kwa binti, ugenini ni Burundi. Sasa nani amemwacha mwenzake?

Sisi wauguzi tuliwapokea wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Kichwa kinauma, usingizi hakuna, presha imepanda. Ukikaa naye kidogo unasikia: "Mama ananitupa." Naye mama: "Nimezaa mtoto asiyenijali." Vidonge vya presha tulitoa, ila maneno hayo hayana kidonge. Wapo wanaume waliosema machozi yamezidi, kwani Burundi si karibu tu? Hawakujua walisemalo. Kule Rumonge na Bururi mashamba mengi yaliyoachwa mwaka 1972 yalikwisha kukaliwa na watu wengine, na bibi alikuwa anaondoka bila kujua kama atapata hata chumba cha kumlaza binti akija kumsalimu.

Tuliowaona wakiachana vizuri ni wale walioanza kuagana mapema, si asubuhi ya safari huku magunia yanafungwa na watoto wanalia. Jioni kadhaa walikaa jikoni wawili tu. Mama akasema kwa nini anakwenda, binti akasema kwa nini anabaki, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Wakamaliza madeni ya kikundi. Wakatafuta dawa za bibi za kutosha njiani na siku za mwanzo, na karatasi ya kumwonyesha daktari wa huko. (Jambo hili husahaulika, nasi tunalikazia hata kwa mabinti wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni.) Wajukuu nao wakaambiwa ukweli, kwamba bibi hatarudi wiki ijayo.

Mama mmoja alimpeleka binti yake kwenye makaburi, akamwonyesha la mtoto wake aliyezikwa Katumba zamani, ambalo alama yake ilikuwa jiwe tu. Wakapalilia pamoja. Kisha alinunua doti moja ya kanga, akaikata katikati. Kipande kimoja kilivuka mpaka, na kingine tulikiona kliniki, kimembeba mjukuu aliyezaliwa bibi akiwa amekwisha kuondoka.