Moyo baada ya korona: Kutawakali si kukataa kipimo

Na Mwandishi Wetu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha kuwa maradhi yana dawa na akatuhimiza kuitafuta.

Waislamu wenzangu wa Sumbawanga na Ufipa yote, yapo mambo tumeyazoea hata tumeacha kuyauliza. Mtu aliyekuwa akitoka Bonde la Ziwa Rukwa na kuupanda mlima wa Lyambalyamfipa na mzigo kichwani, leo anasimama mara tatu kabla ya kufika msikitini. Mwingine akiinuka kutoka sijda moyo unamwenda mbio kama aliyekimbizwa. Mama aliyekuwa akiteka maji bila ya tabu, sasa hawezi kulala bila ya kuongeza mito. Ukiwauliza tangu lini, watakujibu: tangu ile homa ya 2021.

Na majirani nao wana jibu lao: amerogwa. Mji wetu umebebeshwa sifa ya uchawi nchi nzima, na baadhi yetu tumeikubali sifa hiyo hadi ndani ya safu za swala. Mtu anayepungukiwa pumzi anafungwa hirizi, anauza mbuzi kumlipa mganga, na siku zinapita. Huku ni kupoteza mali, ni kuhatarisha uhai, na kubwa kuliko yote ni kuigusa tauhidi yake.

Ili tuelewe tulivyofika hapa, tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo takwimu ziliacha kutolewa. Ugonjwa uliporudi mwanzoni mwa 2021, wengi walisema wana "changamoto ya upumuaji", wakajifukiza, wakapona majumbani. Hawakupimwa, na hawana karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa waliugua. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, hakufichwa. Chama chake cha ACT-Wazalendo kilitangaza wazi kuwa ameambukizwa, naye akafariki Februari 17, 2021. Allah amrehemu. Ukweli ule ulikuwa somo: ugonjwa si aibu, na kuutaja kwa jina lake hakumpunguzii mtu imani.

Basi, korona inaufanya nini moyo? Ugonjwa huu hauishii mapafuni. Unaweza kuuvimbisha msuli wa moyo, kuvuruga mapigo yake, na kuifanya damu igande ndani ya mishipa. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliwafuatilia askari wastaafu wa Marekani zaidi ya 150,000 walioambukizwa. Katika mwaka uliofuata walipatwa na maradhi ya moyo na mishipa kuliko wenzao ambao hawakuambukizwa, na hata wale ambao hawakulazwa hospitali hawakusalimika.

Hata hivyo, hatuandiki haya ili kutia watu hofu. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya wanamichezo 789 wa kulipwa huko Marekani waliokuwa wameambukizwa. Walipimwa umeme wa moyo, damu, na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Ni 30 tu walioonekana kuhitaji vipimo zaidi, na waliokutwa na uvimbe wa moyo walikuwa watano. Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, wengi waliopona, hasa vijana wenye afya, mioyo yao ni salama. Pili, hapaanzwi na mashine kubwa. Huanzwa na kipimo chepesi, na asiye na tatizo hurudi kwake.

Utaratibu huo nasi tunauweza. Mwenye kuchoka kusiko kwa kawaida, mapigo yanayoruka, miguu kuvimba au pumzi kukatika alalapo, aende kituo cha afya na aeleze historia yake yote, ikiwamo ile "homa" ambayo hakuipima. Apimwe shinikizo la damu, mapigo na damu, kwani si kila pumzi fupi ni moyo: upungufu wa damu, kifua kikuu na pumu navyo huleta hali hiyo. Ikibidi, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa; na daktari akiona haja, rufaa ya Kanda iko Mbeya, na juu yake ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Ama mwenye maumivu makali ya kifua au aliyezimia, huyo asingoje hata siku moja. Na atakayeambiwa msuli wa moyo wake umevimba, apumzike na jembe na milima kwa miezi ambayo daktari atamwekea. Kurudi kazini mapema kunaweza kumuua.

Watasema baadhi: "Sisi tumemtegemea Allah, kipimo cha nini?" Tuwakumbushe kisa cha yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akafundishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Mwili huu ni amana. Kwa mwili huu tunasimama usiku, tunafunga Ramadhani, na anayejaaliwa Hijja hukimbilia baina ya Safa na Marwa mara saba. Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi na kulipa funga siku nyingine. Lakini ataitumiaje ruhusa hiyo kwa haki asiyejua hali yake?

Watasema wengine: "Nauli ya Mbeya tutaitoa wapi?" Hoja hii ni ya kweli. Kutoka hapa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na mwenye gunia mbili za mahindi hawezi kuibeba safari hiyo peke yake. Ndipo linapokuja jukumu la jamaa. Msikiti unaoweza kununua kipaza sauti unaweza kununua mashine ya kupimia shinikizo la damu, ikatumika baada ya swala ya Ijumaa chini ya muumini aliyesomea uuguzi, upande wa wanaume na upande wa akina mama. Mfuko wa sadaka uwe na fungu la nauli za wagonjwa. Maimamu nao wapunguze urefu wa kisomo wakijua nyuma yao kuna wanyonge, kama alivyousia Mtume (s.a.w.).

Ijumaa hii, kila mmoja wetu amtazame jirani yake katika safu. Anayehema kuliko zamani, tumuulize tangu lini, kisha tumsindikize hospitali kabla mwingine hajamsindikiza kwa mganga.

Wabillahi tawfiq.