Mama anataka kusomea uuguzi: aanze wapi?



Wengi kati yenu mliokuwa watoto wakati wa vita vya 1996 na vya 1998 mliacha masomo njiani. Watu walikimbilia porini, shule zikafungwa, karatasi zikapotea. Leo mko na miaka 30 ao 40, mko na watoto, na bado kuna wanaotamani kuwa wauguzi. Mama anasema: "Miye nimezeeka, nitakaa namna gani darasani na watoto?" Mama, haya ya umri tuweke pembeni kwanza. Shuleni watakuuliza karatasi.

Kazi yenyewe inahitajika sana. Katika miaka ya 1970, hapa Kasongo, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, ilionekana kwamba mwuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kutunza wagonjwa wengi katika kituo kidogo cha afya, na wale wazito tu wakapelekwa kwa daktari hospitalini. Mpaka leo, mgonjwa wa kijijini Kabambare ao Salamabila anakutana na mwuguzi kwanza. Njo maana haifai kujifunza kazi hii nusu nusu.

Kama uko na diploma ya Taifa (D6), hata ya ualimu, usirudi nyuma kuanza ITM. Diploma hiyo ndiyo inayofungua mlango wa ISTM, shule ya juu ya uuguzi. Tangu mageuzi ya LMD ya mwaka wa masomo 2021-2022, miaka 3 inatoa lisansi. Zamani miaka 3 ilitoa gradua tu. Hiyo ndiyo njia fupi ya kweli. Lakini aliyesoma ualimu hakupata sana kemia na biolojia. Tafuta madaftari ya watoto wa sayansi, soma miezi michache mbele ya kuingia. Na Kifaransa pia, sababu masomo na mitihani ni kwa Kifaransa, si kwa Kiswahili cha sokoni.

Diploma ilipotea? Anza kwa shule uliyosoma na kwa ofisi ya elimu. Sema jina lako kama lilivyoandikwa wakati ule, mwaka wa mtihani na asilimia, uombe nakala.

Kama haukufika kwenye diploma, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ITM, ya ngazi ya sekondari, inayotoa mwuguzi wa A2. Uliza mkuu wa shule ni darasa gani unapaswa kuwa umemaliza. Ya pili ni kujisomea nyumbani na kujiandikisha kwa mtihani wa Taifa kama otodidakti. Huyo anapitishwa kwanza mtihani wa utangulizi. Inspekta wa shule atakueleza tarehe na karatasi zinazotakiwa.

Sasa angalieni. Mtu akikuahidi kwamba kwa miezi michache utakuwa mwuguzi, usitoe franka hata moja mbele ya kuuliza: shule hii inakubaliwa na Serikali? Na Ordre ya Wauguzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, itaniandika kwa diploma hii? Haraka haraka haina baraka. Mama anaweza kumaliza pesa yote ya dhahabu ya bwana wake, halafu hospitali inamrudishia karatasi yake.

Ninyi akina baba, na ninyi vijana wakubwa: mazoezi ya hospitali yana zamu za usiku. Pangeni mapema nani atapika, nani atabaki na mtoto. Na minervali ya mwaka mzima iwekwe pembeni kabla ya masomo kuanza, kwani shimo linatoa mwezi huu, mwezi ujao linanyamaza. Mama akiacha tena katikati, atakuwa ameacha mara ya pili, na mara hii hakuna vita vya kusingizia.