Daftari la Kasisi Si Nasaba

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba asili hiyo imo mikononi mwa karani. Neno hili la pili limeongezwa na zama hizi, nalo limeenea kiasi cha kufanywa itikadi: aliyeandikwa alikuwapo, asiyeandikwa ni hadithi. Na itikadi hii imepata madhabahu yake katika vijiji vidogo vya Uingereza, penye kanisa la mawe, mti mkongwe na makaburi yaliyoinama, ambako watu kutoka Australia, Kanada na Marekani hufika kutafuta mababu zao.

Watu hao hawastahili lawama kwa kutamani kwao. Kutaka kujua utokako ni sehemu ya utu. Linalostahili kupigwa vita ni lile wanalouziwa njiani: kwamba daftari la parokia ndiyo nasaba yenyewe, na kwamba kazi ya mjukuu ni kufunga jina kwa jina na tarehe kwa tarehe mpaka mti utimie, na ikiwezekana kileleni akae bwana mwenye ngao na kasri. Ipo biashara nzima ya kuuza mababu kwa ada ya mwezi. Mteja hunakili mti uliochorwa na mteja mwenziwe, naye akanakiliwa na wa tatu, na kosa la mmoja likisharudiwa na wengi huitwa uthibitisho. Daftari lenyewe, lile la wino na ngozi, halikufunguliwa na hata mmoja wao.

Na lau wangelifungua, wangeanza kwa kuuliza swali ambalo kila shahidi huulizwa: nani kakuleta hapa, na kwa faida ya nani?

Madaftari hayo hayakuanzishwa kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1538, katika utawala wa Henry VIII, waziri wake Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iwe na kitabu, na kila Jumapili ubatizo, ndoa na maziko ya wiki iliyopita yaandikwe humo. Kitabu kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, na penye uzembe itozwe faini ya shilingi tatu na peni nne. Wanavijiji hawakushangilia. Wengi walishuku kuwa ni hila ya kuwahesabu ili watozwe kodi, na shaka yao haikuwa ya kipumbavu. Mwaka 1783 Bunge lilitoza kweli peni tatu kwa kila tukio lililoandikwa, na kodi hiyo ikadumu hadi 1794. Waliosamehewa walikuwa mafukara. Basi katika miaka ile wako walioandikwa mafukara ilhali hawakuwa mafukara, na wako watoto ambao ubatizo wao uliahirishwa mpaka kodi iondoke. Mjukuu wa leo akikuta babu kaandikwa fukara mwaka 1786, daftari peke yake haliwezi kumwambia kama mzee huyo alikuwa na njaa au alikuwa na akili.

Wala kitabu chenyewe si kamili. Madaftari ya mwanzo mengi yalikuwa ya karatasi duni. Mwaka 1598 ikaidhinishwa amri kwamba yanakiliwe upya kwenye ngozi, hasa yale ya tangu mwaka 1558, ulioanza utawala wa Elizabeth I. Makarani wengi, kwa kuwa ni binadamu wenye kuchoka, waliishika kauli hiyo kwa mikono miwili wakaiacha miaka 20 ya mwanzo ipotee. Ndiyo sababu madaftari mengi yanaanza 1558, kana kwamba kabla ya hapo vijiji vile havikuzaa wala kuzika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642, kurasa nyingi zikakaa tupu. Isitoshe, hadi mwaka 1752 hesabu ya mwaka ilianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo aliyeandikwa kuwa kazikwa Februari 1700, kwa hesabu ya leo kazikwa 1701. Katika ubatizo mara nyingi aliandikwa baba tu, kana kwamba mama hakuhusika na uzazi. Na hapo hajatajwa asiyefika kabisa mbele ya kalamu: Mkatoliki aliyejificha, Quaker asiyeamini maji ya ubatizo, kichanga kilichokufa kabla ya kufikishwa kanisani. Daftari halikuandika kuzaliwa. Liliandika maji.

Kijiji cha Helpston, karibu na mji wa Peterborough, kinatoa mfano ulio wazi kuliko maelezo yote. Hapo, tarehe 13 Julai 1793, alizaliwa John Clare, mtoto wa kibarua wa mashamba, aliyesoma shule kwa vipande vipande akaja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kiingereza. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1820. London ikamshangilia kwa muda kama ishangiliavyo jambo la ajabu, kisha ikamsahau.

Sasa na aje mtafutaji wa nasaba na kanuni yake ya jina la ukoo, baba hadi baba. Baba wa mshairi ni Parker Clare. Hapo kanuni inavunjika. Jina Clare halikumfikia Parker kutoka kwa baba yake, bali kutoka kwa mama yake, Alice Clare, aliyemzaa nje ya ndoa. Baba alikuwa John Donald Parker, Mskoti, mwalimu wa kutangatanga na mpiga fidla, aliyefundisha kijijini kwa muda, na alipoambiwa kuwa Alice ana mimba akatoweka. Alice hakuwa na mume wa kumwonesha mwanawe, lakini jina la mwanamume yule alikuwa nalo, akalitwaa na kumwita mtoto kwalo. Tangu siku hiyo, kila aliyemwita Parker aje kula alimtaja mtu aliyekimbia.

Na Alice alikuwa binti wa nani? Alikuwa binti wa karani wa parokia, yule mtu aliyeshirikiana na kasisi katika shughuli za kanisa, na ambaye katika parokia nyingi ndiye aliyeishika kalamu ya daftari. Desturi ya daftari kwa mtoto wa namna hii ilijulikana: jina la mama, neno la kumtia doa mtoto, na mahali pa baba pakaachwa patupu. Lililokuwa tupu katika kitabu cha kanisa likajazwa na mwanamke asiye na kitabu, kwa neno moja tu, nalo likadumu.

Habari hii imejulikanaje leo? Chanzo chake ni Clare mwenyewe, aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1821 kwa kushika yaliyosimuliwa nyumbani kwao. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya namna gani? Mama yake, Ann, hakuijua hata herufi moja. Baba yake alisoma kwa taabu, lakini alijisifu kuwa anazijua nyimbo zaidi ya 100 kwa moyo. Hicho ndicho chuo kilichohifadhi nasaba ya Clare. Anayedai kwamba ulimi wa wasiosoma hauna ushahidi, na amfute babu wa mshairi huyu katika historia ya fasihi ya Kiingereza, kisha aeleze jina Parker lilitoka wapi.

Yatazamwe pia maisha ya Clare kama daftari linavyoyaona. Kuna ndoa: tarehe 16 Machi 1820, katika kanisa la Great Casterton, na Martha Turner. Kuna maziko: Helpston, Mei 1864. Baina ya mistari hiyo miwili imepita miaka 44, na takriban miaka 27 ya mwisho aliipitisha katika nyumba za wagonjwa wa akili, ukiacha miezi michache tu. Daftari lina mke mmoja, mashairi yana wawili. Mary Joyce wa kijiji cha Glinton, aliyependana naye tangu utoto, hakuolewa na Clare wala na mtu mwingine, akafa mwaka 1838. Mwaka 1841 Clare alitoroka nyumba ya wagonjwa huko Essex akatembea kwa miguu maili 80 na ushei, siku nne, akila majani ya kando ya njia kwa njaa, akimwendea Mary ambaye yeye alimwamini kuwa ni mkewe na yu hai. Kwa daftari, mwanamke huyo hahusiki naye kwa lolote. Je, ipo nasaba ya moyo wa mtu inayoweza kuandikwa bila yeye?

Tena kuna ardhi. Sheria ya mwaka 1809 iliruhusu mashamba na malisho ya pamoja ya Helpston na vijiji jirani yagawanywe na kuzungushiwa uzio, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1820. Njia alizopita Clare utotoni zikazibwa, miti ikakatwa, na mnyonge aliyekuwa na mahali pa kulisha ng'ombe mmoja akabaki na mikono yake tu. Mashairi ya Clare yamelia juu ya jambo hili kwa uchungu usiosahaulika. Na daftari? Tangu mwaka 1813 daftari la ubatizo lilikuwa fomu iliyopigwa chapa, yenye safu ya kazi ya baba. Safu hiyo humwita mtu kibarua kabla ya uzio na ikamwita kibarua baada ya uzio. Dunia yake imepinduka chini juu, na katika kitabu hakuna kilichobadilika.

Wapenzi wa ushairi watamkumbuka Thomas Gray, aliyechapisha mwaka 1751 tungo yake mashuhuri juu ya makaburi ya kijiji, na ambaye mwenyewe alizikwa Stoke Poges mwaka 1771. Tungo ile ina huruma kubwa kwa wanyonge waliolala pale, lakini haimtaji kwa jina hata mmoja wao. Daftari la parokia ni kinyume chake: lina majina yote na halina huruma. Clare alitoka miongoni mwa wale ambao Gray aliwahurumia kwa mbali na karani aliwaorodhesha kwa kazi, akasema kwa kinywa chake. Anayetafuta mababu zake katika kijiji cha Kiingereza na asimsome Clare, au mwenziwe wa namna yake, atarudi kwao na mifupa isiyo na nyama.

Watetezi wa karatasi watajibu kwamba ulimi huongopa: kila ukoo hujitungia babu mtukufu, na bila daftari hapana wa kumkanusha. Hoja hii ina ukweli, nao haufichwi. Ulimi hupamba, husahau, husitiri aibu. Lakini kinachodaiwa hapa si kwamba daftari litupwe. Kinachodaiwa ni kwamba lisikilizwe kama shahidi mmojawapo, liulizwe, likabiliwe na mashahidi wengine. Na mashahidi hao wamo katika sanduku lilelile la parokia. Kulikuwa na hati za kuwahoji wajawazito wasioolewa, zilizoandikwa ili baba wa mtoto apatikane na kulipa matunzo badala ya parokia. Kanisa lililoacha mahali pa baba patupu lilimjua baba vizuri sana fedha zilipohusika. Kuna hesabu za misaada ya maskini, na kuna amri za kuwarudisha mafukara katika parokia walikotoka, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1662. Tangu sheria ya ndoa ilipoanza kutumika mwaka 1754, kuna alama ya msalaba ya maarusi asiyejua kuandika, mkono wake mwenyewe ukitetemeka juu ya karatasi, pengine mara moja tu katika maisha yake. Alama hiyo ina thamani kuliko ngao kumi za kununua. Wangapi kati ya wachora miti huiangalia?

Ubishi huu hauishii Helpston, kwa sababu daftari lile lilivuka bahari. Mwaka 1864, mwaka ule ule aliozikwa Clare, misheni ya UMCA ilihamia Unguja, ikapokea watoto waliokombolewa utumwani, ikawabatiza na kuwapa majina mapya. Mjukuu wao akirudi nyuma kwa kitabu peke yake atafika kwenye maji yale na kugota. Alipotaka kusema watu wa namna hiyo walikotoka, James Mbotela wa Freretown, Mombasa, hakutegemea kitabu cha kanisa. Aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kutokana na masimulizi ya wazee, baba yake akiwamo. Alifanya alilofanya Clare mwaka 1821: alikitia katika maandishi kinywa cha nyumbani kwao. Basi msomi wa pwani anayeona haya mbele ya Mzungu kwa kuwa yeye ana masimulizi na mwenziwe ana daftari, na atambue kwamba mnyonge wa Kiingereza naye aliachwa nje ya daftari, au alitiwa ndani kwa jina la doa, na kwamba kilichomwokoa ni masimulizi.

Anayetaka nasaba ya kweli, iwe ya Northamptonshire au ya kwengineko, na aanze kwa wazee waliobaki, ayaandike maneno yao pamoja na mapengo yao, ndipo aende kwa kasisi. Akifungua kitabu, asitafute tu jina lake lilipo. Atafute pia palipoachwa patupu, aulize ni nani aliyepaacha, na amwandike aliyestahili kuwapo hapo.