Masaa mawili ya usingizi hayatoshi

Ndugu zangu wabeba boksi, kuna mtindo wa kulala dakika 20 mara sita kwa siku, jumla masaa mawili tu, eti upate muda wa shifti ya pili na masomo. Mimi naupinga. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7. Ukipunguza, baada ya siku chache unajiona umezoea, kumbe akili inazidi kuwa nzito. Aliyekesha masaa 24 anaendesha gari kama mlevi, na wengi wetu tunatoka shifti ya usiku na kushika usukani. Kusinzia dakika 20 kunasaidia, lakini hakuzibi pengo la usiku. Kama shifti mbili hazikuachii nafasi ya kulala, acha moja. Tujali afya zetu jamani.