MWILI NA AFYA: Njia ya Kichaa cha Mbwa Hadi Ubongoni

Katika nchi kavu ya Nuu, upande wa mashariki wa Kitui, mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchunga mbuzi. Kwa hiyo habari ya mtoto aliyeumwa na mbwa si ngeni huko, na mara nyingi jeraha likiwa dogo jambo husahauliwa upesi. Lakini jeraha dogo laweza kuua. Atakaye kujua sababu yake, kwanza na afahamu jinsi ubongo na mishipa ya fahamu vilivyopangwa mwilini.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi, nao umehifadhiwa ndani ya fuvu la kichwa. Sehemu zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, ambamo hukaa fikira, kumbukumbu, usemi na amri ya kuendesha viungo. Ya pili ni ubongo mdogo, ulio nyuma karibu na kisogo. Kazi yake ni kulinganisha mwendo wa mwili, hata mtu aweza kupanda kilima na mtungi kichwani asiuangushe. Ya tatu ni shina la ubongo. Sehemu hii ni ndogo, lakini ndiyo iangaliayo pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Ikiharibika, uhai hauna pa kushika.

Kutoka kwenye shina hilo hushuka ugwe, mfano wa kamba, ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Urefu wake wapata sentimita 45. Jozi 12 za mishipa ya fahamu hutoka kichwani, na jozi 31 hutoka katika ugwe, zikatawanyika hata ncha za vidole. Mishipa iliyo myepesi kuliko yote hupeleka habari mita 100 kwa sekunde moja. Mtu akikanyaga mwiba huinua mguu kabla hajawaza neno.

Njia hiyo ya habari ndiyo apitayo adui. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiisha kuingia jerahani huingia katika mishipa ya fahamu na kupanda kuelekea kichwani, lakini haviendi mbio kama habari. Huenda milimita kadhaa, au sentimita chache, kwa siku. Basi aliyeumwa mguuni virusi vina safari ndefu, na aliyeumwa usoni vina safari fupi mno. Kwa kawaida ugonjwa huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kutokea baada ya juma moja, au hata mwaka. Wakati wote huo mgonjwa hasikii kitu, jeraha limekwisha pona, na watu husema hatari imepita. Kumbe msafiri yungali njiani.

Virusi vikifika ubongoni, mambo hugeuka. Mgonjwa hupatwa na homa, hofu na fadhaa. Shina la ubongo likiisha guswa, koo hukazana kila ajaribupo kunywa, hata akaogopa maji yenyewe. Kisha virusi hushuka tena kwa mishipa mpaka kwenye tezi za mate, tayari kupelekwa kwa mwingine. Dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa, wala hapana dawa iliyothibitika kumponya.

Lakini kabla ya hapo upo wasaa. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Maana ya chanjo ni kuuamsha ulinzi wa mwili uwahi mbele ya virusi kabla havijafika ubongoni. Haya basi ni mashindano ya mwendo, na kila siku ipoteayo ni ya adui.

Aliyeumwa, au aliyekwaruzwa, au aliyerambwa penye kidonda, na aoshe mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji yanayomiminika, muda wa dakika 15. Wakati wa kiangazi, maji yachotwapo katika mchanga wa mto mkavu, huenda mtu akaona uchungu kuyamwaga mtungi mzima. Na asione uchungu. Hapana kazi bora ya maji hayo siku hiyo. Majivu, mafuta ya taa na pilipili havifai kitu. Kisha aende hospitali siku ile ile, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa, na sindano zote azimalize kwa siku alizoandikiwa.

Nchini Kenya ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa ifikapo mwaka 2030, na Kitui na Makueni zikawekwa miongoni mwa sehemu za kuanzia. Mpango huo wategemea hasa kuchanja mbwa: wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Basi mabwana wa mifugo watangazapo siku ya chanjo, mwenye boma na ampeleke mbwa wake, hata yule asiye na thamani machoni pake. Mbwa huyo ndiye alalaye mlangoni pa watoto.