Taa ya Upepo Isizimwe kwa Hila

Imezuka tabia miongoni mwa wenye magari, na hasa miongoni mwetu sisi tunaoshinda maofisini na mashuleni, ya kuiogopa taa kuliko hatari ambayo taa hiyo inaitangaza. Taa ya manjano yenye alama ya mshangao inapowaka mbele ya usukani, swali la kwanza si "tairi lipi limepungua upepo?" bali ni "nani anajua kuizima?" Na kwa kuwa ujinga haukosi mfanyabiashara, wamejitokeza watu wanaoizima kwa malipo, kama waganga wapungao pepo, bila hata kuyainamia matairi. Wengine hawafiki huko: hubandika kipande cha plasta juu ya taa na kuendelea na safari. Tabia hii haina budi kukemewa bila kumung'unya maneno.

Taa hii haikuwekwa kwa urembo. Huko Marekani matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, yalikuwa yakibanduka ngozi mwendoni. Magari yalipinduka na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Agosti 2000 matairi yapatayo milioni 6.5 yakaitwa yarudishwe. Makampuni hayo mawili yakatupiana lawama, huyu akilaumu gari na kiwango kidogo cha upepo kilichoagizwa, yule akilaumu tairi. Bunge la nchi hiyo halikungoja ugomvi uishe. Lilipitisha sheria mwaka huohuo, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa huko hulazimika kuwa na taa ya kuonya upepo unapopungua kwa robo. Tairi linalotakiwa kuwa na upepo 32, taa iwake likifika 24. Ulaya nayo ikayabana magari yote madogo mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Shahidi aliyepatikana kwa gharama ya roho za watu, sisi tunamziba mdomo kwa plasta!

Sasa tuseme ukweli ambao wauzaji wa siri hawapendi usemwe. Kazi hii hufanywa nyumbani na mtu yeyote mwenye geji ya upepo. Gari lipimwe asubuhi kabla halijatembea, au likiwa limeegeshwa saa tatu au zaidi, kwa maana tairi lenye joto hudanganya geji. Kiwango kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Kisichofuatwa ni kile kilichochapwa ubavuni mwa tairi, ambacho ni kikomo chake tu. Matairi yote manne yakishatimia, washa swichi, na katika magari mengi yenye kitufe, kilicho chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha mbele, kibonyeze hadi taa ipepese, kisha endesha kwa muda ili gari lijifunze upya. Magari mengine hayana kitufe kabisa: ndani ya kila gurudumu mna kifaa kinachopima na kutuma habari kwa redio, na taa huzimika yenyewe baada ya mwendo mfupi.

Hapo kwenye kitufe ndipo ulipo uovu wa jambo lenyewe. Magari ya kitufe mara nyingi hayapimi upepo. Hulinganisha kasi ya magurudumu, kwa sababu tairi lililolegea hupungua kimo na kuzunguka haraka kuliko wenzake. Kitufe hakijazi tairi, huliambia gari, "hali uliyo nayo sasa ndiyo sahihi." Anayekibonyeza tairi likiwa limelegea amelifundisha gari uongo, na gari, kwa utii wake, litaukubali. Tairi hilo litaendelea kujikunja ubavuni kila linapozunguka, joto litapanda, na taa itanyamaza kimya njia nzima ya Morogoro na Dodoma huku watoto wamelala kiti cha nyuma.

Watakuwepo wa kusema kwamba hayo ni mambo ya fundi. Fundi anayo sehemu yake. Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ikabaki imewaka, mtambo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi ni betri ya kile kifaa cha gurudumuni, ambayo huisha baada ya miaka mitano hadi kumi. Hapo fundi aitwe, kifaa kibadilishwe. Lakini mwalimu anayemfundisha mtoto kusoma kipimajoto, na afisa anayekagua hesabu za mamilioni, hawawezi kudai kwamba geji yenye mshale mmoja imewashinda.

Na kwa magari ya umma udhuru ni mdogo zaidi. Kila gari liwe na geji yake, na dereva aandike upepo wa kila tairi katika daftari la safari, palepale anapoandika kilomita, kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe hicho.